Mchezo wa Meza: Tafuta Unakotoka Kabla ya Kukaza Nati

Tundu lilitakiwa liwe la milimita 52, kiti cha beringi ya 6205 kwa shafti ya boti ya nahodha mmoja wa hapa Lamu. Nilipokitoa kipande kwenye jiliwa la mashine yangu ya kukatia metali, ile ambayo meza yake huendeshwa kwa kompyuta, mwenyewe alipitisha kidole ndani ya tundu, kikakwama. "Bwana fundi, mbona hapa pana kovu?" Nikatazama. Hapakuwa na moja. Yalikuwa manne, kulia, kushoto, mbele na nyuma.

Ukiona alama nne za namna hiyo, kisu hakina kosa. Hapo ndipo mhimili mmoja, yaani mwelekeo mmoja wa mwendo wa meza, unapogeuza mwendo. X, mwendo wa kulia na kushoto, ikifika mwisho wa duara upande wa kulia na kuanza kurudi, mota inazunguka lakini meza imesimama, hadi meno ya parafujo inayoiendesha meza yamalize uwazi uliopo na kuegemea upande wa pili wa meno ya nati. Waingereza huuita beklashi. Sisi karakanani twasema mashine ina mchezo.

Mashine hii niliinunua kuukuu Mombasa. Ilikuja kwa lori hadi Mokowe, ikavushwa kwa mashua maji yalipojaa. Muuzaji alinihakikishia kwamba mchezo ulikuwa umeshaondolewa "kwenye kompyuta". Nataka kila anayenunua mashine kuukuu ayaelewe maneno hayo vizuri. LinuxCNC, programu ya kuendeshea mashine kama hizi, kwa mfano, ina mahali pa kuandika kiasi cha BACKLASH, na kila mhimili unapogeuka programu huongeza hatua kufidia. Hiyo ni fidia tu. Uwazi bado upo palepale ndani ya nati, na hakuna kinachoishika meza. Kisu kikikata huku kinaivuta meza upande uleule inakoelekea, kinaidaka na kuirusha mbele kwa kiasi chote cha mchezo. Nimevunja visu viwili vya milimita 6 hivyo, kwenye aluminiamu laini kabisa.

Basi nikafuta namba zote kwenye programu, nikaanza kupima. Kifaa ni geji ya mshale inayosoma sehemu moja ya mia ya milimita, yenye shina la sumaku. Ncha yake iguse meza, uisogeze meza upande mmoja hadi mshale uende, uweke sifuri, kisha uamuru irudi kidogokidogo, 0.01 kwa 0.01, ukihesabu hatua zilizopotea kabla mshale haujaanza kurudi. Katikati ya mwendo wa X nilipata milimita 0.34. Kwenye miisho yote miwili, 0.26.

Hapa ndipo mafundi wengi hukimbilia nati, wakaikaza. Mimi nakusihi usiguse chochote bado, kwa sababu hiyo 0.34 ni jumla ya mambo kadhaa na kila moja lina dawa yake.

Kwanza mwisho wa parafujo. Lile tundu dogo la senta lililo kwenye ncha yake nililitia grisi, nikabandika gololi moja, na ncha ya geji ikakaa juu ya gololi, shina la sumaku likiwa juu ya meza. Kijana wangu akaisukuma na kuivuta meza kwa mikono miwili. Mshale ukacheza 0.11. Maana yake parafujo nzima ilikuwa ikienda mbele na nyuma ndani ya beringi zake, na nati haihusiki hata kidogo. Kisha nikahamishia shina kwenye kitako kinachobeba meza, ncha ikigusa nati yenyewe: 0.06. Boliti zinazoishika zilikuwa zimelegea. Iliyobaki, 0.17, ndiyo ya meno ya nati.

Nilipofungua nyumba ya beringi nilikuta 6203 mbili za kawaida. Aliyezitia alidanganywa na vipimo, kwa kuwa 6203 na 7203 zote ni 17 kwa 40 kwa 12 na huingia bila shida. Lakini 6203 imeundwa hasa kubeba mzigo wa pembeni, na ndani yake mna nafasi inayoiruhusu shafti kusogea kwa urefu. 7203 gololi zake zimekaa kwa pembe, hivyo huhimili msukumo wa urefu, ila kila moja kwa upande mmoja tu. Ndiyo maana hukaa mbili. Nunua jozi iliyosagwa kukaa pamoja, zigeuze mgongo kwa mgongo, yaani pande nene za pete za nje zikigusana, kisha kaza nati ya kufungia taratibu hadi parafujo izunguke kwa vidole kwa uzito kidogo. Baada ya hapo gololi ya senta haikuusogeza mshale tena. Boliti za nati nilizikaza kwa gundi ya kuzuia boliti zisilegee.

Nati ilihitaji subira. Ni ya bronzi, imepasuliwa, ina skrubu ya kuibana. Parafujo huchakaa zaidi katikati, kwa sababu kazi nyingi hufanyika hapo. Na huku kwetu vumbi la chokaa la kuta likichanganyika na mafuta huwa kama msasa. Ukiibana nati hadi katikati pakae sawa, miisho itakwama na mota zitapoteza hatua. Nikaibana kwa kufuata miisho, ikabaki 0.02 huko, na katikati 0.10. Hiyo ya katikati haitaondoka bila parafujo mpya.

Jiliwa nikalihamishia upande wa kulia wa meza, mchezo unakosoma 0.04, na sasa ndipo nikaandika 0.03 kwenye programu. Fidia ndogo kama hiyo siiogopi.

Y, mwendo wa mbele na nyuma, ilikuwa rahisi: gibu, ule ukanda wa chuma unaobana njia ya kutelezea, ilikuwa imelegea tu. Nikakata tundu la 52 upya, kisu kikikata dhidi ya mwendo wa meza. Nahodha akapitisha kidole, akazungusha mara mbili, akaitia beringi mwenyewe.