Mofini si dawa ya kumalizia mgonjwa

Ujumbe ule ule unazunguka tena kwenye magrupu, toka Likoni hadi Kisauni, hapa Mombasa: mgonjwa wa saratani akipewa mofini, dawa ya maumivu makali, basi anamalizwa. Si kweli. Mofini ya maji huanza kidogo, mara nyingi miligramu 2.5 hadi 5 kila saa 4, kisha hupandishwa taratibu kufuata maumivu. Ikitolewa hivyo haiharakishi kifo. Usingizi wa siku za mwanzo ni kawaida, hasa kwa aliyekesha akiugulia. Kero yenyewe ni choo kigumu, ndiyo maana huandamana na dawa ya kulainisha.

Watu huchanganya kwa kuwa wengi huanzishiwa mofini ugonjwa ukiwa umeshazidi, na kifo kikifuata hulaumiwa dawa.

Hakikisha dozi mwenyewe: soma kwenye chupa ni miligramu ngapi kwa kila mililita, pima kwa bomba la sindano (kijiko cha chai hudanganya), muulize mfamasia. Ujumbe huo usiusambaze. Kuna mzee ananyimwa dozi ya usiku kwa sababu ya ujumbe huo.