Jamani wazazi, Mithali 22:6 sio warantii

Mwezi huu mama wa tatu kaja kuniona baada ya ibada, kakaa benchi la nyuma anakunjakunja ncha ya kitenge, kijana wake yuko chuo mwaka wa pili na kamwambia kwenye simu kanisa basi tena. Swali lile lile, "mwalimu, nilikosea wapi?" Halafu ananisomea "mlee mtoto katika njia impasayo, naye hataiacha, hata atakapokuwa mzee", yaani kama mtu karudisha simu mbovu dukani na karatasi ya warantii mkononi.

Mithali ni hekima, inasema mambo huwa yanaendaje, sio mkataba. Fungua 26:4 na 5, mstari mmoja usimjibu mpumbavu, unaofuata mjibu, sasa utadai upi? Samweli mtu wa maombi kabisa, wanawe wakala rushwa (1 Samweli 8). Mfalme Hezekia mcha Mungu kamzaa Manase, akapajenga tena mahali pa juu baba yake alipopabomoa, na huyo Hezekia mwenyewe katoka kwa Ahazi, mwovu wa kutupwa! Isaya 1:2 Mungu anasema kalea watoto nao wamemwasi, haya, muulize na yeye alikosea wapi.

Sisemi malezi ni bure, ningekuwa nafundisha Sande skuli kwa nini? Nasema wengi tumetumainia malezi yetu wenyewe tukadhani tunamtumainia Mungu. Manase alirudi, ila akiwa mateka Babeli na baba yake keshakufa zamani (2 Nyakati 33). Monika naye kamlilia Mungu miaka na miaka kwa ajili ya mwanawe Augustino, yule aliyekuja kuwa mwalimu mkubwa wa kanisa la kale, Augustino akabatizwa mwaka 387 akiwa na miaka 32, na mama akafariki mwaka huohuo.

Mengine ya haraka. Eti mtoto akiuliza maswali ya imani kaasi: Kutoka 12:26 inategemea kabisa kwamba watauliza, kwa hiyo jiandae na jibu. Eti baba asiposali imekula kwenu: baba yake Timotheo, yule mwanafunzi wa Paulo, alikuwa Mgiriki, imani kaikuta kwa bibi Loisi na mama Eunike. Wa fimbo nao, Waefeso 6:4, "msiwachokoze watoto wenu", mnairukaga kwa nini?

Yule mama nilimwambia aache kumtumia mistari WhatsApp kila asubuhi, ampigie tu amuulize kala nini. Akanyamaza, akasema tangu siku ile hajampigia hata mara moja.