Je, wajua kwa nini mwajiri mkubwa Uingereza humsomesha kijana shahada ya data na bado humlipa mshahara?

Kijana wa miaka 18 amemaliza shule England. Wenzake wanajaza fomu za mkopo wa chuo kikuu, yeye amesaini mkataba wa ajira. Mwisho wa mwezi mshahara unaingia benki, kila wiki ana siku ya masomo, na baada ya miaka 3 au 4 anapata shahada kamili bila kudaiwa ada hata peni moja. Ukimsimulia mzazi habari hii, swali la kwanza ni lile lile: huyo mwajiri anafaidika nini? Pana mtego gani hapo?

Mtego hakuna. Njia hii ni uanagenzi wa shahada, na England ilianza mwaka 2015. Mwanagenzi ni mwajiriwa kama waajiriwa wengine, ana likizo yenye malipo na ana meneja wake. Ada hulipwa na mwajiri na serikali, na chuo hakiruhusiwi kumdai yeye. Si jambo dogo: ada ya kawaida ya mwanafunzi wa England kwa mwaka wa masomo 2025/26 ni pauni 9,535, kwa hiyo miaka 3 inapita pauni 28,000 kabla hajala wala hajalipa chumba.

Sababu ya kwanza iko kwenye kodi. Tangu Aprili 2017, kila mwajiri wa Uingereza ambaye jumla ya mishahara yake inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka hukatwa tozo ya uanagenzi, asilimia 0.5 ya mishahara hiyo, baada ya kusamehewa pauni 15,000. Piga hesabu: kampuni inayolipa mishahara ya pauni milioni 100 inatoa pauni 485,000 kila mwaka. Hospitali za umma na idara za serikali nazo hukatwa. England fedha hiyo huwekwa kwenye akaunti ambayo mwajiri huitumia kulipia mafunzo na mitihani ya wanagenzi. Asipoitumia, muda ukipita anaipoteza. Kanuni iliyoanza na tozo hiyo ilimpa miezi 24. Sasa mwajiri mwenye maelfu ya wafanyakazi anajiuliza: fedha imeshanitoka, niiache iende au nifundishe watu?

Lakini tozo hailipi mshahara. Mshahara unatoka mfukoni mwa mwajiri mwenyewe, na hakuna kampuni inayomlipa mtu miaka 3 kwa kuwa imepata punguzo la ada. Sababu ya pili ndiyo nzito zaidi, na kwangu ndiyo kiini cha jambo lote: uchambuzi wa data ni kazi ya ufundi. Hujifunzwa kama gari linavyojifunzwa gereji, spana mkononi, fundi mkuu akiwa pembeni.

Chukua kampuni ya maduka makubwa. Jumanne asubuhi ripoti inaonyesha mauzo ya maziwa ya duka moja yamepanda mara mbili ndani ya siku moja. Meneja anafurahi na anataka kuagiza maziwa zaidi. Mwanagenzi wa mwaka wa kwanza anapewa kazi ya kuthibitisha. Anafungua hifadhidata na kuandika maswali yake kwa SQL, lugha ya kuulizia majedwali. Jedwali la mauzo peke yake lina mistari 1,240 ya maziwa. Analiunganisha na jedwali la bidhaa ili apate majina, anahesabu tena: mistari 2,480. Mara mbili kamili! Mauzo halisi hayawezi kuruka kwa unadhifu wa namna hiyo.

Anachimba. Kumbe maziwa yalibadilishiwa chupa wiki hiyo, mtu wa bohari akaingiza mstari mpya wa bidhaa yenye namba ile ile ya msimbo, na mstari wa zamani haukufungwa. Kila chupa iliyouzwa imekutana na mistari miwili, ikahesabiwa mara mbili. Hakuna aliyekunywa maziwa zaidi. Dawa yake ni kuongeza sharti la tarehe kwenye swali, kisha kumpigia simu yule wa bohari ili mstari wa zamani ufungwe.

Hilo la kuunganisha majedwali chuo kinafundisha, tena vizuri. Ila darasani data huja imeoshwa na kupigwa pasi. Kazini zinakuja na matope yake: tarehe 03/04 ambayo kwa mmoja ni Aprili na kwa mwingine ni Machi, mauzo ya hasi kwa sababu mteja alirudisha bidhaa, siku isiyo na namba kwa sababu duka lilifungwa. Sifuri na pengo si kitu kimoja, na anayevichanganya ataharibu wastani wa mwezi mzima. Matope hayo ni ya kampuni ile na hayafanani na ya jirani. Mhitimu anayeajiriwa kutoka nje huhitaji miezi mingi kuyazoea. Mwanagenzi anapopata shahada ameshayaishi kwa miaka 3, na anamjua kwa jina mtu wa bohari wa kumpigia.

Masomo yenyewe huchukua takriban siku moja kati ya tano za kazi, au hukusanywa kuwa wiki nzima chuoni mara chache kwa mwaka. Manchester Metropolitan University ni miongoni mwa vyuo vinavyotoa shahada za teknolojia kwa njia hii. Takwimu, kuandika programu kwa lugha ya Python, sheria za kulinda taarifa za watu, namna ya kuchora chati isiyodanganya: yote yamo. Mwishoni mwanagenzi hufanya mradi wa kweli wa kazini, anauandikia ripoti, anauwasilisha mbele ya watahini na kuhojiwa juu ya kazi alizozikusanya kwenye jalada lake.

Ni njia ngumu, niseme wazi. Kazi za chuo huandikwa jioni na wikendi baada ya saa za ofisi, wakati wenzake walioko chuoni wana likizo ndefu ya kiangazi. Anayependa kujaribu masomo mbalimbali kabla ya kuchagua ataona amebanwa mapema, na kwa huyo chuo cha kawaida ni bora.

Kwetu wazo la tozo si geni. Tanzania waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara mwaka 2023, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hupata sehemu yake. Kenya mwajiri hulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi kupitia NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Tofauti iko kwenye kile kinachofuata: England mwajiri anaiona fedha yake kwenye akaunti, anachagua fani, na fani hiyo inaweza kufika shahada. Natamani sana kuona benki zetu na kampuni zetu za simu, zenye bahari ya data, zikishika vijana mkono kwa namna hiyo.

Aliyeko Dar es Salaam au Mombasa hawezi kuomba nafasi hizi moja kwa moja. Ufadhili humtaka mwombaji awe na haki ya kufanya kazi Uingereza na, kwa kawaida, awe ameishi huko au Ulaya miaka 3 iliyotangulia. Viza ya mwanafunzi haitoshi. Wanaohusika hasa ni watoto wa ndugu zetu walioko kule. Mzazi asisubiri tarehe moja ya mwisho kama ya maombi ya vyuo. Kila mwajiri ana ratiba yake, wengi hufungua milango kuanzia Septemba ya mwaka wa mwisho wa shule, na wengine hufunga mara tu maombi yanapotosha.