Kinyonga hana sumu, na kobe wa Changuu si wa Changuu

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaozunguka skuli kwa skuli na masanduku ya nyoka, kobe na mijusi, kuwaonyesha wanafunzi. Wengi ni wanyama walionunuliwa wakiwa wadogo, wakawashinda wenyewe walipokua. Ukiyasimulia hayo barazani kwetu Unguja, utaulizwa: si wawaachie tu porini?

Pori lipi? Wengi wamezaliwa mikononi mwa watu, au asili yao ni bara jingine. Chatu wa Afrika Magharibi akiachiwa Uingereza, baridi itamuua. Na asipokufa ndiyo balaa: chatu wa Burma walizagaa Florida, Marekani, wakazaana, wakawapunguza vibaya sungura wa huko na rakuni, wanyama wadogo wa mwituni.

Sisi wenyewe tunao wageni. Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, jirani na Unguja, wengi huwadhani wa hapahapa, kumbe asili yao ni Aldabra, Shelisheli. Waliletwa kama zawadi mwaka 1919. Mwaka 1955 walihesabiwa 200. Kufika 1996 walibaki saba. Si maradhi yaliyowamaliza, ni wizi: walibebwa wakauzwe nje. Na huyo kobe havui gamba kama mtu avuavyo kanzu; mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo. Mkwaruze kidogo mgongoni, anahisi.

Anayeonewa zaidi, kwa maoni yangu, ni kinyonga. Eti ana sumu, eti ukikutana naye njiani safari imeharibika. Duniani hakuna kinyonga mwenye sumu. Akijifutua na kuachama, anatisha tu, maana mbio hana. Wala hafuati rangi ya kila anachokalia: mweke juu ya kanga ya maua uone kama atatoa maua. Ngozini ana vijifuwele vidogo mno vinavyoakisi mwanga, na vikikaribiana au kuachana, rangi hugeuka. Asubuhi ya baridi hujitia weusi apate kuvuta joto la jua. Akimwona dume mwenzake hupata rangi nyingine kabisa.

Ulimi wa nyoka hauchomi, anautumia kunusia. Ngozi yake ni kavu, haina utelezi. Chatu hana sumu, ingawa meno yake si mchezo.

Na mtu akiumwa na nyoka, jiwe la nyoka, wembe wa kuchanjia na kamba ya kukaza mguu haviondoi sumu mwilini. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, avuliwe pete na bangili kabla ya uvimbe, awahishwe hospitali. Nyoka mwacheni aende. Kumkimbiza ndiko kunakoleta mgonjwa wa pili.

Ukiacha sumu ya nyoka, hofu moja tu ina haki yake, nayo haisemwi sana. Wanyama hawa wote, nyoka, kobe na mijusi, hata wakiwa wazima kabisa, huweza kubeba bakteria wa salmonela, wanaomharisha mtu. Marekani ilipiga marufuku kuuza kobe wadogo wa kufuga mwaka 1975, kwa kuwa watoto walikuwa wakiugua baada ya kuwachezea, wengine wakiwatia mdomoni. Kwa hiyo ukitoka kuwalisha kobe Changuu, sabuni kwanza, urojo baadaye.