Hifadhidata ikigoma, si lazima intaneti imekatika

Katika ofisi nyingi za Mombasa, kuanzia mawakala wa forodha wa Kilindini hadi maduka ya leso ya Biashara Street, programu ya hesabu ikisema imeshindwa kuunganishwa na hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu zake, wengi huamini intaneti imekatika au data imepotea. Dhana hiyo inaeleweka, maana ujumbe wenyewe hutisha.

Mara nyingi hifadhidata imo humo humo ofisini, kwenye kompyuta moja iitwayo seva, na nyingine huifikia kwa mtandao wa ndani. Ujumbe huo husema tu kwamba programu imebisha hodi, haikuitikiwa. Umeme ukikatika na kurudi, huenda huduma ya hifadhidata haikuwaka, au ruta, kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi, imeipa seva anwani mpya ya mtandao (IP).

Jaribu kufungua programu kwenye seva yenyewe. Ikifunguka, data ipo. Kagua waya, kisha, kwenye seva ya Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ipconfig ulinganishe anwani yake na ile iliyo kwenye mipangilio ya programu.

Tafadhali, usiifute programu na kuiweka upya kabla ya kunakili data. Hapo ndipo kumbukumbu hupotea kweli.