Famakokinetiki: dawa ukishaimeza inakwenda wapi?

Kwenye maduka ya dawa ya Moshi mjini, mteja akishasalimia huwa na swali moja tu: dawa gani? Au hata haulizi. "Dada, nipe zile za rangi mbili, za elfu moja." Anapewa kapsuli kadhaa kwenye bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa 1x3, anaondoka. Kiasi gani cha dawa hiyo kitaingia kwenye damu, kama kitafika pale ugonjwa ulipo, na kitakaa huko kwa saa ngapi, hayo hakuna anayeyauliza. Elimu inayoyajibu inaitwa famakokinetiki. Ni tawi la famakolojia, yaani elimu ya dawa, na kazi yake ni kufuatilia mambo manne: dawa inavyonyonywa kutoka tumboni, inavyosambazwa na damu, inavyovunjwa na ini, na inavyotolewa nje, mara nyingi kwa njia ya figo.

Ukiona kazi yenyewe inavyofanyika wodini, jina linapungua ukali. Mgonjwa anawekewa kanula, kimrija chembamba cha kwenye mshipa, mkononi. Anatolewa damu kidogo kabla ya kumeza dawa, halafu anameza mbele ya muuguzi, halafu anatolewa tena baada ya saa moja, mbili, nne, sita, nane. Kila mrija unaandikwa muda, na hapo ndipo watafiti wanapokuwa wakali. Ikiwa damu ilipangwa kuchukuliwa saa nne kamili na mshipa ukasumbua mpaka saa nne na dakika saba, inaandikwa saa nne na dakika saba. Mirija inazungushwa kwenye mashine mpaka chembe nyekundu zizame, na yale maji ya njano yanayobaki juu yanagandishwa kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri yakisubiri kupimwa. Mwisho wa yote ni mchoro: mstari unapanda, unafika kileleni, unateremka.

Mteremko ndio wenye maneno mengi. Muda ambao dawa iliyoko kwenye damu inapungua hadi nusu huitwa nusu-uhai. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, nusu-uhai wa amoksilini ni kama saa moja tu. Piga hesabu: baada ya saa moja imebaki nusu, baada ya mbili robo, baada ya nane haifiki hata asilimia moja. Ndiyo maana daktari anaandika mara tatu kwa siku, akimaanisha kila baada ya saa nane. Sisi tunasoma asubuhi, mchana na usiku, tunazifunga dozi kwenye milo. Anayemeza na chai saa moja asubuhi, na chakula cha mchana saa saba, na cha usiku saa mbili, amejiachia pengo la saa kumi na moja, na sehemu kubwa ya usiku huo bakteria hawana wa kuwasumbua.

Kwa dawa za ukoo wa penisilini pengo hilo lina uzito. Maabara hupima kiasi kidogo kabisa cha dawa kinachozuia bakteria fulani wasizaliane. Penisilini na ndugu zake wanafanya kazi kwa muda: cha muhimu ni saa ngapi kati ya 24 dawa imekaa juu ya kiasi hicho. Kuzidisha kipimo cha mara moja hakusaidii sana. Gentamisini, antibayotiki ya sindano, ni kinyume chake. Yenyewe inategemea kilele, kwa hiyo mara nyingi watu wazima huchomwa mara moja kwa siku kwa kipimo kikubwa, kisha inaachwa ishuke kabisa ili figo na masikio yapumue. Na azithromaisini, antibayotiki nyingine ambayo watu huishangaa kwamba dozi yake ni siku tatu tu, ina nusu-uhai wa zaidi ya siku mbili; kidonge cha mwisho kimeshamezwa lakini dawa bado imo mwilini. Kwa hiyo anayelinganisha dozi yake na ya jirani kwa kuhesabu vidonge analinganisha vitu visivyolingana.

Sasa fangasi. Hapa kuna imani moja inayotugharimu: kwamba antibayotiki kali itaondoa chochote. Haiondoi fangasi. Penisilini inavuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria, na fangasi hana ukuta wa aina hiyo. Zaidi ya hapo, fangasi kiukoo yuko karibu na wanyama kuliko na bakteria, chembe yake inafanana na yetu kwa mambo mengi, kwa hiyo kumpata silaha ya kumdhuru yeye bila kutudhuru sisi ni shida. Tofauti kubwa inayotumika ni mafuta ya kwenye utando wa chembe: sisi tuna kolesteroli, yeye ana ergosteroli. Dawa ya fangasi iitwayo flukonazoli inazuia utengenezaji wa ergosteroli. Nyingine, amfoterisini B, inaishika ergosteroli yenyewe na kuuharibu utando. Jambo linalonichekesha kila nikilifikiria ni kwamba penisilini ilitokana na fangasi, na amfoterisini ilitokana na bakteria wa udongoni. Walikuwa wanapigana wao kwa wao zamani sana kabla sisi hatujaja kuwaazima silaha.

Mwanamke anayemeza antibayotiki mfululizo kwa ajili ya "UTI sugu" bila mkojo wake kuwahi kuoteshwa maabara kuona kama kweli una bakteria anaweza kuishia na muwasho mpya. Dawa imewaua bakteria rafiki wa ukeni, na fangasi aina ya kandida akapata nafasi. Ananunua tena antibayotiki nyingine. Mzunguko huu unalisha usugu wa dawa, na kwa maoni yangu nusu ya tatizo ni kwamba kipimo cha mkojo cha haraka kinachukuliwa kama hukumu.

Flukonazoli ina tabia yake. Nusu-uhai wake ni kama saa 30, ndiyo maana inamezwa mara moja kwa siku. Lakini dawa inayotoka taratibu pia inajaa taratibu. Chukua ndoo yenye tundu dogo: ukimimina kikombe kimoja kila siku, itachukua siku kadhaa mpaka maji yatulie kwenye kimo chake. Kwa flukonazoli ni kama siku tano au sita. Mgonjwa mwenye fangasi kwenye damu hawezi kusubiri hivyo, kwa hiyo siku ya kwanza hupewa kipimo maradufu. Wagonjwa wengi hudhani muuguzi amekosea kuhesabu.

Kunyonywa nako kuna vituko. Griseofulvini, dawa ya zamani ya mapunye kichwani mwa watoto, inanyonywa vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta. Bakuli la mtori wa nyama iliyonona linaifaa kuliko chai ya rangi. Kapsuli za itrakonazoli, dawa nyingine ya fangasi, zinahitaji tumbo lenye asidi, kwa hiyo mtu anayemeza omeprazoli, ambayo hupunguza asidi hiyo, kila asubuhi kwa ajili ya vidonda vya tumbo anaweza kumeza kapsuli hizo wiki nzima na damu ikapata kidogo sana. Maziwa, ambayo yangemfaa yule mtoto wa mapunye kwa mafuta yake, yanaiharibia antibayotiki ya siprofloksasini: kalisiamu inashikamana nayo na sehemu yake inapitiliza hadi chooni bila kunyonywa.

Ini nalo lina lake. Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, inaliamsha ini livunje dawa nyingine kwa kasi. Ikikutana na itrakonazoli, karibu yote inapotea. Flukonazoli inapungua kwa kama robo. Hata dolutegravir ya wenye VVU inabidi imezwe mara mbili kwa siku badala ya moja. Kilimanjaro, ambako hospitali ya Kibong'oto kule Siha inatibu kifua kikuu kwa miaka mingi, mgonjwa mmoja mwenye TB, VVU na fangasi kwa pamoja si mfano wa kubuni wa darasani. Mtu huyo anaweza kumeza kila kidonge kwa uaminifu na bado asipone.

Na fangasi wa ndani wapo hapa hapa. Kati ya 2007 na 2008 watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa KCMC na Mawenzi, hospitali mbili za Moshi. Madaktari walikuwa wamewaandikia malaria 528. Waliokuwa na homa iliyosababishwa na malaria kweli walikuwa 14. Waliokutwa na fangasi kwenye damu walikuwa 25. Rudia kusoma namba hizo mbili za mwisho, halafu fikiria ni wangapi kati ya hao 25 walikuwa wameshameza mseto wa malaria na antibayotiki nyumbani.

Kati ya fangasi hao mwenye kuogopwa zaidi ni kriptokokasi. Anaingia kwa kuvutwa na hewa, na kinga ikishuka, hasa kwa mwenye VVU ambaye hajaanza au ameacha dawa, anakwenda kukaa kwenye utando wa ubongo. Maumivu ya kichwa yasiyokatika, kutapika, kuona mawili mawili. Hapa swali la dawa inafika wapi linakuwa zito kuliko popote, maana ubongo una kizuizi chake na dawa nyingi zinaishia mlangoni. Flukonazoli inapenya vizuri, lakini peke yake ni dhaifu. Amfoterisini ya zamani ina nguvu, lakini ilikuwa dripu kila siku, wiki moja hadi mbili, huku figo zikiumia na potasiamu ikishuka.

Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Watafiti walitumia amfoterisini iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta, ambayo figo zinaivumilia zaidi na ambayo inakaa muda mrefu kwenye ubongo. Kama inakaa, walijiuliza, kwa nini irudiwe kila siku? Wakatoa dripu moja kubwa, miligramu 10 kwa kila kilo ya mgonjwa, pamoja na flusitosini, dawa nyingine ya fangasi, na flukonazoli, zote za kumeza kwa siku 14. Kwa kuzuia vifo haikuwa nyuma ya matibabu ya wiki nzima, na madhara yalipungua. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza.

Flusitosini yenyewe haikubali mkato huo. Nusu-uhai wake ni saa tatu hadi nne, inatoka haraka na mkojo, kwa hiyo bado inamezwa kila baada ya saa sita, na wa zamu ya usiku lazima amwamshe mgonjwa.