Safari ya mbugani na watoto: panga kwa saa, acha kuhesabu hifadhi

Likizo ya Juni ikikaribia, meza yetu ya elimu ya utalii wa ndani hapa Dodoma hupokea ratiba zinazofanana: baba, mama, watoto na mjomba mmoja, siku nne, na hifadhi tatu, Ruaha, Mikumi na Udzungwa. Kwenye karatasi zote zinaingia. Ila mtoto wa miaka saba aliyeshinda garini tangu alfajiri atamshangaa twiga wa kwanza. Wa pili atampita amelala.

Sisi tunashauri siku saba na hifadhi mbili, Ruaha na Mikumi.

Siku ya kwanza ni Dodoma hadi Iringa kupitia Bwawa la Mtera, kilomita kama 260 za lami. Pale bwawani shukeni, watoto wanyooshe miguu. Mkifika Iringa, laleni, hata kama jua bado liko juu na mjomba anasisitiza kwamba Ruaha ni hapo tu. Si hapo tu: ni kilomita zipatazo 130 hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, na sehemu kubwa ni barabara ya vumbi. Bebeni masweta pia, maana baridi ya Iringa mwezi Juni huwashtua watoto waliozoea joto la Dodoma. Jazeni mafuta mjini.

Kinachowaponza wengi ni saa ya kuingia. Kibali cha hifadhi huhesabiwa saa 24 tangu mnapopita langoni. Familia nyingi hujikaza zifike saa 4 asubuhi, wakati jua limeanza kuchoma na wanyama wanatafuta kivuli. Kesho yake, katikati ya mzunguko mzuri wa asubuhi, dereva anatazama saa badala ya kutazama simba, kwa sababu kibali kinaisha. Ondokeni Iringa saa 4, mwende polepole, muingie kama saa 8 mchana. Hapo mnapata jioni nzima, mnalala ndani, na asubuhi yote inayofuata ni yenu hadi saa 8. Fedha ni ileile. Kwa anayelala nje ya lango hesabu hii haimsaidii, kwa hiyo malazi ya ndani ya hifadhi yawekwe mapema. Malipo hufanyika kwa namba ya malipo au kadi. Bunda la noti langoni halitawasaidia. Chukueni vitambulisho vya taifa ili mtozwe kiwango cha Watanzania. Watoto walio chini ya miaka mitano hawalipiwi kiingilio.

Asubuhi tokeni saa 12, na chupa ya uji na maandazi garini; kifungua kinywa cha kukaa mezani kisubiri. Kufika saa 4 rudini kambini, watoto wale na walale. Ruaha ni ya pili kwa ukubwa nchini baada ya Hifadhi ya Nyerere, zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Hamtaimaliza. Kaeni karibu na mto, kwa sababu kiangazi wanyama wenyewe huufuata.

Sasa suala ambalo vipeperushi havilisemi: haja ndogo. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kushuka garini isipokuwa sehemu zilizotengwa. Mwombeni askari wa langoni awaonyeshe vyoo viko wapi, kisha wekeni kopo lenye mfuniko chini ya kiti cha nyuma. Mbung'o nao hupenda rangi ya bluu na nyeusi, na traksuti nyingi za shule ni za bluu. Ziacheni nyumbani, vaeni kaki au kijivu.

Mkitoka Ruaha, rudini Iringa mkalale, na siku ya nne msisafiri. Nendeni Isimila, kama kilomita 20 kwa barabara ya Mbeya, mkaone zana za mawe za kale na nguzo za udongo zilizochongwa na mvua na upepo. Watoto watakimbia humo hadi wachoke, na ndicho kinachotakiwa baada ya siku mbili za kuambiwa "kaa chini, funga dirisha".

Siku ya tano teremkeni mlima Kitonga kwa gia nzito, mpite Ruaha Mbuyuni (vitunguu mnunue hapo hapo), hadi Mikumi. Wengi husema Mikumi wameiona kwa sababu basi lao limepita humo. Barabara kuu hukata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na hapo fuateni vibao vya mwendo: anayegonga mnyama hulipa faini kulingana na aina yake. Ila Mikumi yenyewe iko ndani ya lango la Kikoboga, na bwawa la viboko haliko mbali na hapo. Kiangazi hata gari ndogo kama IST huweza kuzunguka barabara kuu za ndani, jambo ambalo Ruaha hatulishauri. Huko kodini gari la juu mkiwa Iringa.

Kama watoto wenu wote wamevuka miaka kumi na wanapenda kutembea, badilisheni Mikumi kwa Udzungwa. Kule hakuna mizunguko ya gari. Ni kupanda kwa miguu na mwongozaji hadi maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170 hivi.

Siku ya sita, baada ya mzunguko wa asubuhi, laleni Morogoro. Kutoka hapo hadi Dodoma kupitia Gairo na Kibaigwa ni kilomita kama 260 zenye malori mengi, kwa hiyo ondokeni asubuhi, mfike kabla ya giza. Ikiwezekana iwe Jumamosi, ili Jumapili ibaki ya kufua nguo.